Mjukuu wa yaya aliyeitikisa India

Jumapili ya Februari 6, 1977, wapinzani wa Waziri Mkuu Indira Gandhi waliitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Ramlila jijini Delhi. India ilikuwa ndiyo kwanza inavuta pumzi baada ya miezi 19 ya hali ya hatari: wanasiasa walikuwa wametoka jela, uchaguzi umetangazwa, na mzungumzaji aliyesubiriwa kwa hamu alikuwa Jagjivan Ram, waziri aliyejiuzulu siku nne tu kabla. Serikali ikatafuta namna ya kuwabakiza watu majumbani mwao. Ikaiamuru televisheni ya taifa, Doordarshan, ionyeshe filamu ya "Bobby".

Mbinu hiyo haikuwa ya kijinga. "Bobby" ilitoka Septemba 28, 1973 na ikaongoza kwa mauzo mwaka huo nchini India. Nyumba zenye televisheni zilikuwa za kuhesabika, na picha kama hiyo ilikuwa na uwezo wa kujaza sebule moja kwa majirani wa mtaa mzima. Hata hivyo watu waliziacha sebule wakaenda Ramlila, wengi kwa miguu. Kesho yake kichwa cha habari kilichokumbukwa kilisema Babu amemshinda Bobby, kwani Babu ndilo jina la heshima ambalo Wahindi walimwita Jagjivan Ram. Mwezi Machi chama cha Indira kikaanguka, na yeye mwenyewe akapoteza kiti chake cha ubunge.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha kisiasa, lakini kina kejeli ambayo wasimulizi wengi huipita. Jagjivan Ram alikuwa Dalit, mtoto wa watu ambao kwa karne nyingi mfumo wa matabaka uliwahesabu kuwa najisi wasioguswa. Ili kuwazuia watu wasimsikilize, serikali ilichagua picha inayosema kwamba mtoto wa bwana na mjukuu wa mtumishi wanaweza kupendana na kuoana. Yeyote aliyefanya uteuzi huo hakuwa ameitazama "Bobby" kwa makini. Alikumbuka nyimbo na sketi fupi.

Raj Nath, anayechezwa na Rishi Kapoor, ni mwana wa mfanyabiashara tajiri wa Bombay. Baba yake hana muda naye, mama yake ana sherehe zake. Aliyemlea ni yaya, Bibi Braganza, Mkatoliki mwenye asili ya Goa, mpaka alipopelekwa shule ya bweni. Anaporudi, kijana wa miaka 18, nyumbani kunafanywa sherehe kubwa. Yaya wa zamani anakuja kumpongeza akiwa na mjukuu wake, Bobby, binti wa miaka 16. Mama mwenye nyumba anampokea kwa ubaridi, na bibi wa watu anaondoka na mjukuu wake. Raj anagundua baadaye, anamfuata yaya kwake, anagonga mlango. Anayefungua ni Bobby.

Kuanzia hapo mambo yanakwenda kama mpenzi wa picha za Kihindi anavyotarajia. Wanapendana na kuimba. Baba wa Raj, anayechezwa na Pran, anakubali kuonana na baba wa Bobby, mvuvi aitwaye Jack Braganza, lakini badala ya kuzungumza posa anamtuhumu kwamba amemtumia binti yake kama chambo cha kumnasa mtoto wa tajiri. Kisha anampa pesa ili binti akae mbali. Jack, mtu wa kelele, kucheka na chupa, anageuka simba. Raj anapangiwa kumwoa binti mwenye ulemavu wa akili, kwa sababu baba wa binti huyo ni mtu wa kufanya naye biashara. Anatoroka kwa pikipiki kumfuata Bobby Goa. Wanakimbia pamoja, wanaangukia mikononi mwa wahuni wanaotafuta zawadi iliyotangazwa, na mwisho wanajirusha majini. Baba wawili wanaruka nyuma yao. Jack anamwopoa Raj, na tajiri Nath anamwopoa Bobby.

Ukiisimulia hivyo, "Bobby" ni hadithi ya tajiri na maskini, na ndivyo inavyoandikwa kwenye makasha ya kanda na vitabu vya filamu. Lakini Jack Braganza si fukara. Ana shughuli yake ya uvuvi, anakula na kunywa anavyotaka, na hamtegemei Nath kwa lolote. Mvuvi kama huyo, angekuwa hana historia na nyumba ya Nath, pengine angevumilika kama mkwe mwenye kelele. Kisichovumilika ni mama yake. Bibi Braganza amekula mshahara wa nyumba ile. Amemwosha Raj, amemlisha, amemlaza. Mtu aliyeingia nyumba hiyo kama mtumishi angelazimika sasa kuketi kwenye kochi la wageni kama bibi wa bibi harusi. Ukuta uliopo katika picha hii umejengwa ndani ya nyumba, kati ya jikoni na sebule, na hilo ndilo linaloifanya iume zaidi kuliko picha nyingi za aina yake.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hahitaji kuelezwa. Katika nyumba ngapi mtoto anamlilia dada wa kazi kabla hajamlilia mama mzazi, na dada huyohuyo chakula chake anakilia jikoni?

Nguvu hiyo ya hadithi haikuja kwa bahati. Aliyeiandika ni Khwaja Ahmad Abbas, mwandishi wa habari na mjamaa, yuleyule aliyemwandikia Raj Kapoor, mwongozaji wa "Bobby" na baba wa Rishi, "Awara" mwaka 1951 na "Shree 420" mwaka 1955. Abbas alijua Goa pia. Mwaka 1969 aliongoza "Saat Hindustani", kuhusu wapigania uhuru wanaoingia Goa kupambana na utawala wa Kireno, filamu ambayo leo inakumbukwa zaidi kwa kuwa ndiyo ya kwanza ya Amitabh Bachchan. Goa ilikuwa mikononi mwa Wareno hadi Desemba 1961. Bobby alipofungua mlango kwenye skrini, eneo hilo lilikuwa na miaka isiyotimia 12 ndani ya India huru, na kwa watazamaji wengi wa kaskazini Wakatoliki wake walikuwa watu wa kigeni kidogo: majina ya Kireno, magauni, gitaa, divai. Filamu iliitumia taswira hiyo bila haya. Jack anakunywa mno kwa sababu Mgoa wa kwenye sinema lazima anywe, na Wagoa wengi hawakuipenda sura hiyo.

Afrika Mashariki ilikuwa na Wagoa wake, na hawakufanana na Jack. Waliketi kwenye meza za ukarani wa serikali ya kikoloni, walishona suti, walioka mikate, walifundisha muziki. Kenya ilipata kwao Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965, na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai. Mtazamaji wa Nairobi aliyesikia jina Braganza alikuwa na sura halisi za kuliwekea.

Fedha ndizo zilizoizaa "Bobby", na fedha zenyewe zilikuwa deni. Mwaka 1970 Raj Kapoor alitoa "Mera Naam Joker", kazi ya miaka mingi yenye vipindi viwili vya mapumziko katikati, akiwa ametia humo karibu kila alichokuwa nacho. Ikaanguka. Studio yake ya R.K. iliyokuwa Chembur, Bombay, ikawa rehani. Jaikishan, nusu ya wawili waliomtungia muziki kwa zaidi ya miaka 20, akafariki mwaka 1971. Rishi Kapoor alieleza mara nyingi, tena bila kujikweza, kwamba baba yake hakutengeneza "Bobby" ili kumtambulisha yeye. Alikuwa na hadithi ya vijana na hakuwa na pesa za kumlipa Rajesh Khanna, aliyekuwa stelingi mkubwa kuliko wote wakati huo. Mtoto wa nyumbani alipatikana kwa bei nafuu. Inasimuliwa kwamba hata Pran, adui aliyeogopwa kuliko wote katika sinema ya Kihindi, alikubali kucheza kwa malipo ya rupia moja. Jack Braganza akapewa Prem Nath, shemeji wa Raj Kapoor. Ilikuwa kazi ya ukoo, kwa vitendo.

Msichana alitafutwa nje. Dimple Kapadia hakuwahi kuigiza. Alizaliwa Juni 1957, kwa hiyo picha zilipokuwa zikipigwa alikuwa mdogo hata kuliko Bobby. Kamera ya Radhu Karmakar haikumwonea huruma: blauzi fupi ya vidoti iliyofungwa fundo mbele, miwani mikubwa, sketi, vazi la kuogelea. Wasichana wa India waliiga ile blauzi. Watazamaji wa leo wana haki ya kuguna, maana aliyevalishwa vile alikuwa mtoto, na anayemtazama kupitia lenzi alikuwa mwanamume wa umri wa baba yake.

Lakini kuhusu mlango, Raj Kapoor hakubuni. Alikuwa kijana alipokwenda kwenye nyumba ya mwimbaji na mtayarishaji Jaddanbai huko Marine Drive, akagonga, na binti wa nyumba akafungua. Alikuwa akikaanga bajia. Mikono ilikuwa na unga wa dengu, akajisahau akapangusa nywele, unga ukabaki kwenye nywele. Binti huyo alikuwa Nargis, ambaye angecheza naye "Awara" na filamu nyingine nyingi, na ambaye mapenzi yao, yeye Muislamu na Raj Mhindu mwenye mke, hayakufika popote. Miaka mingi baadaye akampaka Dimple unga uleule mahali palepale. Ni tukio la sekunde chache, na ndilo bora kuliko yote katika filamu nzima, kwa sababu hapo hakuna anayeimba wala kulia. Kijana amekuja kumwona yaya wake. Binti ametoka jikoni. Mkao wao tu umeshaeleza tabaka la kila mmoja.

Muziki ulifanya kazi iliyobaki. Laxmikant na Pyarelal walikuwa hawajawahi kumtungia Raj Kapoor. Sauti ya Rishi ilitafutwa mpya, ya Shailendra Singh, ili kijana wa kwenye skrini asiimbe kwa koo la mtu mzima. Wimbo wa wapenzi waliofungiwa chumba kimoja na ufunguo umepotea ulipigwa picha Gulmarg, Kashmir, na kijumba kile cha mbao kinaitwa hadi leo kibanda cha Bobby. Watalii hupiga picha mbele yake. Hata pikipiki ndogo ambayo Raj anatoroka nayo, Rajdoot GTS 175, jina lake la kiwandani lilisahaulika. Mtaani ikawa Bobby.

Nje ya India, Umoja wa Kisovyeti uliinunua, na mwaka 1975 tiketi milioni 62.6 ziliuzwa huko, karibu sawa na "Awara" miaka 20 nyuma. Haishangazi sana. Filamu ambayo tajiri anafedheheshwa na mvuvi haikuwa na matatizo na wakaguzi wa Moscow.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mapokeo yake ya picha la Kihindi kabla "Bobby" haijafikiriwa. Mwanahistoria wa Marekani Laura Fair, aliyeandika kuhusu sinema za mijini Tanzania katika kitabu kilichotoka 2018, ameonyesha jinsi "Awara" ilivyopendwa Zanzibar, na jinsi watazamaji walivyotoka kwenye ukumbi wakijadiliana: je, kijana ana haki ya kuchagua, au neno la mzazi ndilo la mwisho? Mjadala huo ulikuwa wa kwao, haukuwa wa Bombay. Ndoa za kupangwa zilikuwepo katika mitaa ya Malindi na Ng'ambo kama zilivyokuwepo Punjab. Huko Mombasa, Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alijijengea jina la kudumu kwa taarabu yenye mahadhi ya nyimbo za sinema za Kihindi, maneno yakiwa ya Kiswahili kizito cha pwani. Mtu angeweza kuimba mahadhi ya mwimbaji wa sinema Lata Mangeshkar harusini bila kuwahi kukanyaga ukumbi wa sinema.

Wenye kumbi za Majestic na Cine Afrique Unguja, au Avalon Dar es Salaam, walijua kitu ambacho wakosoaji walichelewa kukijua: mtazamaji haendi kutazama kama wapenzi watapatana. Hilo analijua tangu anakata tiketi. Anakwenda kutazama mzazi atashindwaje.

Na hapo ndipo "Bobby" inapolegea. Nath anashindwa kwa maji. Hakuna mahali anapokaa na kufikiri kwamba alimkosea mvuvi, au kwamba yaya aliyemlea mwanawe ana haki ya kuketi. Mto unamfanyia kazi hiyo. Suala la dini, Mhindu na Mkatoliki, linapitwa kwa kasi ileile, ingawa India ilikuwa na Sheria ya Ndoa Maalumu tangu 1954 kwa ajili ya watu kama hawa, sheria inayotaka nia ya ndoa itangazwe siku 30 kabla, muda wa kutosha kwa ukoo wowote uliokasirika kuchukua hatua. Raj na Bobby hawafikishwi kwa msajili. Filamu inaisha wakiwa wamelowa.

Bibi Braganza, aliyechezwa na mkongwe Durga Khote, anafifia kabisa katika sehemu ya pili. Mwenye kidonda ni yeye, na hadithi inamwacha nyuma ili wanaume wawili wapatane. Kwa picha iliyoanzia mlangoni kwake, hilo ni deni ambalo Raj Kapoor hakulilipa, pamoja na kwamba madeni mengine yote aliyalipa.

Maisha nje ya skrini yalikuwa makali zaidi. Machi 1973, miezi sita kabla filamu haijatoka, Dimple aliolewa. Alikuwa na miaka 15. Mume alikuwa Rajesh Khanna, yule stelingi wa bei ghali, mwenye miaka 30. Khanna hakutaka mke mwigizaji. Kwa hiyo India nzima ilimwona msichana akipigania kumchagua ampendaye huku mwenyewe akiwa tayari ndani, mjamzito, kazi imekwisha. Tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike, aliyogawana na Jaya Bhaduri, ilimkuta mama mwenye mtoto mchanga. Walitengana mwaka 1982, na mwaka 1985 alirudi na "Saagar", akicheza tena na Rishi Kapoor. Safari hii alikuwa mwanamke mzima, na aliigiza vizuri zaidi.

Rishi naye alipata ya mwigizaji bora wa kiume. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2017 alikiri kwamba alitoa rupia 30,000 ili kununua tuzo kwa ajili ya "Bobby", na kwamba aliona aibu. Alifariki Aprili 30, 2020.

Mtoto wa tajiri na binti wa mtu wa chini wakawa biashara ya kudumu. Mwaka 1989 "Maine Pyar Kiya" ilimpa Salman Khan jina kwa kumfanya mtoto wa tajiri anayepewa sharti na baba wa msichana, fundi wa magari: akafanye kazi ya mikono, aoneshe rupia 2,000 za jasho lake. Hilo ni wazo zuri kuliko mto wa Nath, maana tajiri mdogo anatolewa jasho kweli. Mwaka 1996 "Raja Hindustani" ikageuza sahani, dereva wa teksi akampenda binti wa tajiri. Zote mbili ziliuza sana, na zote zinaisha kwa machozi ya furaha.

Aliyekataa mwisho huo ni Nagraj Manjule, mwongozaji ambaye mwenyewe ni Dalit. "Sairat" yake ya mwaka 2016, kwa Kimarathi, inamchukua tena mtoto wa mvuvi, safari hii mvulana, na kumpa mpenzi wa tabaka la juu. Wanatoroka kama Raj na Bobby, wanaanza maisha, wanapata mtoto. Kisha ndugu wa msichana wanakuja na zawadi za mama, wanakunywa chai, na wanawaua wote wawili. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kimarathi kuvuka mauzo ya rupia bilioni moja. Toleo lake la Kihindi, "Dhadak" la 2018, lilizungusha kamera kwenye majumba mazuri ya Udaipur na kulififisha suala la tabaka. Anayetaka kujua woga wa sinema ya Bombay ulivyo, azitazame mbili hizo kwa mfululizo.

Swali la Bibi Braganza lenyewe lilisubiri hadi mwaka huohuo wa 2018, pale mwongozaji Rohena Gera alipopeleka Cannes filamu ndogo iitwayo "Sir". Ratna, anayechezwa na Tillotama Shome, ni mjane kutoka kijijini anayefanya kazi za ndani katika gorofa la Mumbai. Bwana wa nyumba, Ashwin, amevunja uchumba. Wanapendana polepole, kwa vitu vidogo: glasi ya maji, cherehani aliyomnunulia. Hakuna adui, hakuna zawadi iliyotangazwa, hakuna mto. Kuna korido fupi kati ya chumba chake na sebule, na kila anayeishi katika jengo lile, wakiwemo watumishi wenzake, anajua nani anapaswa kulala upande upi. Ratna ndiye anayekataa kwanza, kwa sababu anajua nani atachekwa. Mwaka 2021 Shome alipewa tuzo ya wakosoaji ya Filmfare kwa uigizaji wake.

"Bobby" inabaki picha nzuri kuliko "Sir" kwa nyimbo, kwa rangi, kwa Prem Nath anayejaza skrini kila anapocheka, na kwa ule unga kwenye nywele. Kwa swali ililouliza yenyewe, "Sir" imeipita. Mwenye jioni mbili na azitazame zote, "Bobby" kwanza, na pale kwenye sherehe ya Raj asimwangalie msichana. Amwangalie yaya.